Kibanja Upande wa Pili wa Mutukula

Kanyigo, Jumapili 7 Januari 2024

Mafao yangu yako benki tangu Oktoba na kila anayepita hapa ana mpango wake juu yake. Mmoja anataka ninunue Noah ya abiria, mwingine nijenge gesti Bukoba mjini. Mimi nataka ardhi. Eka moja inanitosha, mradi iwe yangu.

Nimefundisha hesabu miaka 32 na karibu muda wote huo nimelala kwenye nyumba za shule. Kibanja cha baba alikirithi kaka. Kwetu Kiziba mtoto wa kike hulelewa na kibanja lakini hakirithi. Akiolewa anahesabiwa wa kwingine, na mimi nilipoachika sikuwa na pa kurudi ila chumba cha mwalimu. Najua Jaji Mwalusanya aliamua pale Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomkataza inapingana na Katiba. Nilifurahi siku niliyosikia. Lakini kaka hajawahi kuninyima hata mkungu mmoja wa ndizi, na baba na mama wamelala chini ya migomba ile. Sitamshtaki.

Shangazi aliolewa Buddu, upande wa Uganda, kabla ya vita vya Kagera, na huko ndiko alikozikwa. Mwanawe ananunua kahawa Kyotera. Ameniambia kuna eka moja na robo karibu na barabara ya Masaka, pa kuanika kahawa na kuweka ghala dogo, na bei ni ndogo kuliko ya huku kwetu. Tunakwenda kuiona.

Nitaandika humu kila nitakachoambiwa, na nani kaniambia. Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia sikuwahi kumpa alama, hata kama jibu lilikuwa sahihi.

Kyotera, Jumamosi 20 Januari

Tumevuka Mutukula asubuhi. Mihuri ya nchi zote mbili inagongwa chini ya paa moja siku hizi, na kabla jua halijachomoza vizuri tulikuwa shambani.

Ni zuri. Mibuni ya robusta imepogolewa na mtu anayejua kazi, migomba imefunikwa nyasi chini, mpakani kuna milamula iliyopandwa kwa mstari kama kwetu. Mzee mwenye shamba alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Nilikaa kwenye mkeka nikahisi niko Kanyigo. Lugha yenyewe nilikuwa naishika nusu kwa nusu, na neno alilolitumia kwa shamba lake lilikuwa letu kabisa: kibanja.

Nikauliza hati. Dalali akajibu haraka, "Kyapa kipo, nyabo." Kyapa ndiyo hati kwa Kiganda. Nikasema naomba kukiona. Akasema kiko kwa mwenye ardhi, Kampala.

Nikamtazama yule mzee. Mwenye ardhi si wewe? Akacheka kwa upole, akasema yeye ni mwenye kibanja.

Karatasi waliyonionyesha imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la mistari: mzee alinunua kwa fulani mwaka 1994, mashahidi watano, muhuri wa mwenyekiti wa baraza la kijiji. Wanaiita endagaano. Dalali anataka shilingi milioni 16 za Uganda, nusu Jumatatu. Binamu anasema watu wote wa hapa hununua hivyo.

Sikulipa.

Usiku, palepale

Usingizi hauji. Neno moja linanizunguka.

Kwetu ukisema kibanja umesema kila kitu. Ndipo kitovu chako kilipozikwa, ndipo utakapozikwa. Kinyume chake ni rweya, mbuga ya nyasi ambayo hakuna anayeililia. Mtu mwenye kibanja hana mtu juu yake ila Serikali. Na huyu mzee amekaa pale miaka 30, ana mibuni na milamula, halafu kuna mtu Kampala ambaye hajawahi kushika jembe pale na ndiye mwenye hati. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na hakuna anayeona ajabu.

Neno limevuka mpaka likabeba maana nyingine, na mimi nilikuwa nataka kulilipia milioni 16 kwa maana ya nyumbani.

Masaka, Ijumaa 2 Februari

Nimepata wakili. Ni msichana wa umri wa binti yangu, ananiita Mwalimu na anasubiri nimalize kuandika kabla hajaendelea. Nayanakili aliyoniambia.

Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni mali ya raia wa Uganda. Halafu inataja njia nne za kuimiliki: ya kimila, umiliki huru, mailo na pango. Asiye raia amefunguliwa mlango mmoja tu, ule wa pango. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaweka mipaka yake: pango la mgeni lisizidi miaka 99, na likiwa la miaka 5 au zaidi lisajiliwe. Umiliki huru siwezi, mailo siwezi.

Nikamwambia mimi si mgeni kiasi hicho, ni Mwafrika Mashariki, nimevuka bila viza. Akafungua Itifaki ya Soko la Pamoja, ile iliyoanza kutumika Julai 2010, akanionyesha ibara ya 15. Mistari michache tu: upatikanaji na matumizi ya ardhi vitafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Tumekubaliana kuuziana nyanya na kufanya kazi, ardhi kila mmoja amebaki nayo. Na sisi Watanzania ndio wa mwisho kulalamika, maana kwetu mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, na jirani yangu Mganda hawezi kununua shamba la mtu Kanyigo.

Kisha tukafika kwenye kibanja, na hapo alikaa nami zaidi ya saa nzima.

Mwenye kibanja huku ni mkaaji juu ya ardhi ya mwingine. Sheria inamlinda kwelikweli. Kama yeye au aliyemtangulia alikaa na kulima pale miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye hati kumpinga, anatambuliwa. Kama ukaaji wake unatokana na sheria ya zamani ya 1928, anatambuliwa pia. Analipa busuulu, kodi ndogo ya mwaka. Tangu marekebisho ya 2010 hawezi kuondolewa bila amri ya mahakama, na sababu ni moja tu, kutolipa busuulu. Anaweza kurithisha. Anaweza hata kuuza, lakini lazima kwanza amwombe mwenye hati idhini na kumpa nafasi ya kununua yeye. Desturi ni mnunuzi mpya apelekwe kwa mwenye hati akatoe ada ya utambulisho. Ada hiyo wanaiita kanzu. Mzee akiuza kimyakimya, ni kosa la jinai, mauzo ni batili, na ardhi inarudi kwa mwenye hati.

"Dalali alikutaja kwa mwenye hati?" akaniuliza. Hakunitaja. Na hata angenitaja, wakili anasema mlango wangu ni pango lililosajiliwa, na kibanja si pango lililosajiliwa. Ningekuwa nimetoa milioni 16 kununua kitu ambacho mzee hakuwa na ruhusa ya kuniuzia na mimi sina haki ya kukishika.

Kilichoniuma ni kwamba mzee hakunidanganya. Alisema kibanja, nikasikia kibanja.

Masaka, Jumamosi 3 Februari

Mailo. Nimeiuliza hadi nikaielewa, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka Buddu.

Neno ni maili, kile kipimo cha Waingereza. Mwaka 1900 Harry Johnston aliweka saini mkataba na watawala wa Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto mdogo na nchi ikiwa mikononi mwa mawalii wake, Apolo Kagwa akiwa wa kwanza. Ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba. Kabaka 350. Machifu na wakubwa, kwa hesabu ya watu 1,000, maili 8,000. Maili moja ya mraba ni eka 640. Waliopewa walipewa milele, kwa hati. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya maili hizo hawakuandikwa popote. Walilala wakiwa na shamba, wakaamka wakiwa na bwana.

Kodi na ushuru wa mazao vilipopanda mno, sheria ya 1928 ikavifunga kamba na kuwazuia mabwana kuwafukuza watu ovyo. Mwaka 1975 Idi Amin akatangaza ardhi yote ni ya umma na mailo zikageuzwa kuwa pango. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo, na sheria ya 1998 ikamrudishia mkaaji ulinzi. Ndiyo maana leo eka moja ina watu wawili, mmoja katika rejista na mmoja udongoni, na kila mmoja ana haki ambayo mwenzake hawezi kuifuta.

Sisi tulipita njia nyingine. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu mwaka 1958, Mali ya Taifa, kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya milele ya mtu mmoja, na mwaka 1963 hati za milele zote zikageuzwa kuwa pango la Serikali la miaka 99. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na hatimiliki ya mjini ni ya miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo nikijiuliza kama nitaridhika na ardhi yenye tarehe ya mwisho, jibu ni kwamba Mtanzania mwenye hati ya mjini hana nyingine. Kijijini tuna hatimiliki ya kimila isiyo na ukomo, kwa wale waliohangaika kuichukua. Kaka hajaichukua. Nikirudi nitamwambia.

Kyotera, Jumapili 18 Februari

Binamu ana suluhisho. Yeye ni raia. Ninunue mailo kabisa, kwa hati, iandikwe jina lake, mimi nijenge na kutumia. "Wewe ni dada yangu, nani atakunyang'anya?"

Najua hatanyang'anya. Ndicho kilichonifanya nichelewe kumjibu. Nilimwambia: ukifa kesho, Mungu apishe mbali, watoto wako wataona hati yenye jina la baba yao. Mkeo akija kukaa na kulima pale, sheria ya Uganda inataka ridhaa yake kabla ardhi ya familia haijauzwa, na atakuwa na haki ya kukataa. Ukikopa benki na mambo yakaharibika, benki haitaniuliza mimi ni nani. Karatasi tutakayoandikiana sisi wawili pembeni, ya kusema mali ni yangu, itakuwa ushahidi kwamba tulijua naingia mlango uliofungwa.

Akakasirika. Akasema nimesoma mno. Tulikula bila maneno, nikalala parokiani badala ya kwake.

Ninaandika hili kwa uchungu: mtu anayekupenda anaweza kukupa ushauri mbaya kabisa wa ardhi, na kwa sababu anakupenda unaona aibu kuukataa.

Masaka, Alhamisi 7 Machi

Shamba la pili, kwa dalali mwingine. Eka nne za mailo, mwenye hati yupo, yuko tayari kunipangisha eka mbili miaka 49. Safari hii nimeanza na upekuzi, si na shamba. Wakili alipeleka namba ya bloku na ploti katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi hapa Masaka. Majibu: jina ni lake, hakuna rehani, hakuna zuio. Rejista safi.

Dalali alitaka tuandikiane leo jioni. Nikamwambia nitajibu Jumatatu.

Kyotera, Jumapili 10 Machi

Nilikwenda peke yangu baada ya misa ya kwanza, kwa bodaboda, bila kumwambia dalali.

Kulikuwa na moshi. Nyumba mbili, ya bati na ya nyasi, kuku, kaburi lililosakafiwa. Mama mmoja alitoka akanipa kiti. Nilipomwambia nimekuja kwa nini, hakufoka. Aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki, akanikabidhi stakabadhi za busuulu, moja baada ya moja, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Baba mkwe wake alifika pale mwaka 1971. Kaburi ni lake.

Hakuna hata moja ya hizo iliyokuwa kwenye majibu ya upekuzi. Wakili ameniambia kwa simu kwamba haingeweza kuwamo. Haki ya mkaaji haihitaji kuandikwa katika rejista ili imfunge mwenye hati, na yeyote anayepokea ardhi kwa mwenye hati, kwa kununua au kwa pango, anaipokea pamoja na wakaaji wake. Dalali nilipompigia alisema hao "wataondolewa, hilo niachie mimi."

Babu yangu mzaa baba alikuwa mutwarwa. Kabla ya Uhuru Kiziba yetu ilikuwa na nyarubanja, mashamba ya wakubwa, na aliyelima ndani yake, mutwarwa, alikuwa mtwana wa ardhi: sehemu ya kahawa kwa bwana, ndizi kwa bwana, lubisi (pombe ya ndizi) kwa bwana siku ya sherehe. Bibi alitusimulia jinsi babu alivyokuwa akivua kofia mbele ya mtoto wa bwana aliyekuwa bado ananyonya. Sheria za miaka ya 1960 zikaifuta nyarubanja, na kibanja kikawa cha babu, kisha cha baba, sasa cha kaka. Mimi nimekula kutoka shamba lililookolewa kutoka kwa bwana wa aina hiyo.

Sitaki kuwa sababu ya moshi ule kuzimika. Nimemrudishia mama stakabadhi zake nikamwomba azitoe nakala na kuziweka mahali pakavu.

Jumatano 3 Aprili

Dalali wa pili amepiga mara sita leo. Nimemwandikia ujumbe mmoja kwamba sinunui.

Kyotera, Jumanne 14 Mei

Katekista amenipeleka kwa mama mjane, mwendo wa dakika ishirini kutoka barabarani. Eka tatu za mailo. Analima mwenyewe na wanawe, hakuna nyumba nyingine, hakuna kaburi ila la mumewe. Nimewauliza majirani wanne bila yeye kuwapo, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kama kuna mtu yeyote anayelipa busuulu pale. Wote wamesema hakuna, na hajawahi kuwapo tangu enzi za baba mkwe wake.

Atanipangisha eka moja. Anahitaji fedha ya kumsomesha mjukuu uuguzi.

Nikaomba kyapa. Akakitoa chini ya godoro, kimefungwa kwenye kitenge. Jina lililoandikwa ni la mumewe, aliyefariki 2011.

Jumamosi 22 Juni

Hapo ndipo tulipokwama, na nimekubali kukwama. Mama ni mwenye shamba machoni pa kila mtu, lakini rejista inamjua marehemu. Marehemu hasaini. Wakili amemweleza njia: barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa mirathi, ombi mahakamani, tangazo la siku 14, kisha barua za usimamizi, kisha rejista ibadilishwe. Ada nimelipa nusu, tumeandikiana kwamba zitatolewa kwenye malipo ya awali ya pango. Pesa kamili haitoki mpaka jina libadilike.

Binamu amesikia, akasema dalali angeshanipa funguo. Ni kweli, angenipa.

Mama alinifuata hadi barabarani. Aliniambia kwa miaka 13 alikuwa akilala juu ya karatasi ile akidhani inamlinda.

Masaka, Alhamisi 19 Septemba

Barua za usimamizi zimetoka na hati sasa ina jina la mama kama msimamizi wa mirathi. Wanawe wanne wote walikuja ofisini kwa wakili kusoma rasimu ya pango. Hilo nililitaka mimi. Kijana wa pili aliuliza maswali makali na nilimpenda kwa ajili hiyo. Nilimjibu yote mbele ya mama yake.

Tuliyobishana:

Majengo pango likiisha. Rasimu ilisema yanabaki kwa mwenye ardhi. Nimepata kwamba, miaka mitatu kabla ya mwisho, mimi au warithi wangu tuwe wa kwanza kuulizwa kuhusu kuongeza muda, na wakikataa tulipwe thamani ya ghala.

Kurithisha. Binti yangu ni Mtanzania. Imeandikwa wazi kwamba nikifa pango linakwenda kwake, kwa muda uliobaki.

Kodi ya mwaka. Ndogo, na inaangaliwa upya kila miaka 10 kwa makubaliano. Nikichelewa, barua ya maandishi na siku 90 kabla ya kuninyang'anya. Rasimu ya kwanza ilisema siku 14. Mtu akiugua malaria mbaya tu siku 14 zimekwisha.

Mibuni iliyopo. Mama anavuna ya msimu huu na ujao. Hiyo haikuwa na ubishi.

Kyotera, Ijumaa 25 Oktoba

Tumetembea mpaka. Mpima alitangulia na kifaa chake, mama na wanawe, majirani wa pande tatu, mwenyekiti wa LC1, na nyuma kabisa binamu yangu, ambaye hakuwa amealikwa. Alikuja na panga akawa anafyeka njia mbele ya mpima. Hatukuzungumzia ya Februari. Jirani wa mashariki alisema jiwe moja limeingia kwake hatua mbili; mpima akapima tena, akakuta ni kweli, jiwe likasogezwa. Desimali 100 kamili, ndiyo eka moja kwa hesabu ya huku.

Kisha saini. Mama alisaini polepole, herufi moja moja. Wanawe wakasaini kama mashahidi. Nililipa kwa benki, si mkononi, na karatasi ya benki imebandikwa nyuma ya ukurasa huu. Bado mthamini wa Serikali, ushuru wa stempu, na usajili wenyewe. Wakili amenionya nisipeleke tofali hata moja kabla ya usajili. Ghala linaweza kungoja.

Kanyigo, Sikukuu ya Krismasi

Kaka ameomba fomu za hatimiliki ya kimila kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Ameniomba nimsaidie kujaza. Mahali pa majirani na mipaka tumeandika milamula yote, mmoja mmoja, na mahali pa wenye maslahi aliuliza kama aandike jina langu. Nikamwambia aandike mahali nitakapozikwa, basi. Ameandika.

Masaka, Jumanne 14 Januari 2025

Hati ya pango imetoka. Ina kurasa chache kuliko nilivyodhani. Hati ya mailo imebaki kwa mama, ikiwa na maandishi mapya kwamba eka moja iko chini ya pango. Yangu ninayo mimi, nakala iko kwa wakili, nyingine kwa binti yangu Mwanza.

Mpangaji: majina yangu, yote matatu. Uraia: Mtanzania. Eneo: eka moja, Buddu. Muda: miaka 49 kuanzia 1 Novemba 2024. Mwisho wake: 31 Oktoba 2073.